Daftari Nililomwandikia Mama

Kahawa iliyomenywa na kulazwa kwenye maji siku mbili ina harufu yake. Si ile ya kahawa ya kikombe, msinielewe vibaya. Ni harufu chachu, nzito, inayokaa kooni, na mtu ambaye hakukulia Mbozi akiipata kwa mara ya kwanza hudhani kuna kitu kimeoza jirani. Mwaka huu niliipata nikiwa nimesimama kando ya barabara kuu pale Nanyala, nasubiri fundi abadilishe tairi la gari. Upepo ulitoka upande wa mashamba. Wenzangu walifunika pua. Mimi nilijikuta nahesabu kimoyomoyo: nauni, prononi, ajektivu, vebu, adivebu, preposisheni, konjaksheni, intajeksheni. Nane. Mwanamke mzima mwenye watoto wawili, mdomo unacheza peke yake barabarani.

Ninyi mliosoma shule za msingi za serikali mnaijua hiyo orodha. Kwa Kiswahili tuliziita aina za maneno, nomino na kitenzi na wenzao, na hazikututisha. Kwa Kiingereza lilikuwa jambo jingine kabisa. Mwalimu wetu wa Kiingereza darasa la sita, mwanamume mpole aliyependa chaki za rangi kuliko mshahara wake, aliziandika ubaoni kila moja kwa rangi yake, na sisi watoto sabini tukazikariri kwa kuimba huku tunagonga madawati. Nilizipenda. Nilikuwa mtoto wa kupenda vitu vilivyopangwa, na hapa palikuwa na lugha nzima ya wageni imepangwa mafungu manane. Niliamini kwamba mtu akishayajua mafungu hayo anaweza kwenda popote duniani na asipotee. Hilo la kwenda popote ndilo lililokuja kuniponza.

Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mama na mimi. Baba yangu simjui vizuri, na katika habari hii hana kazi. Mama alifanya kibarua cha kuchambua kahawa kwenye vichanja vya kikundi cha wakulima, zile meza ndefu za wavu ambako kahawa iliyooshwa huanikwa juani, na wanawake hukaa pande zote mbili wakitoa mbovu: iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, iliyobadilika rangi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, aliweza kuchambua huku anaongea na mtu wala hatazami. Shule alikomea kidato cha kwanza, muhula wa pili, kwa sababu yangu mimi. Tumbo lilipoonekana alirudishwa nyumbani. Pale kwetu jambo hilo lilisemwa waziwazi, bila kulaumiwa mtu, kama inavyosemwa kwamba mwaka fulani mahindi hayakuiva.

Mwaka ule akaamua kurudi kusoma. Kuna mtihani wa maarifa, QT kama watu wanavyouita, ambao mtu mzima anaufanya akiwa nje ya shule, na akifaulu anahesabiwa amefika kidato cha pili, anaruhusiwa kuendelea hadi cha nne. Mama alitaka kufika cha nne ili asomee uuguzi. Alimwambia bibi jioni moja wakiwa wanapukuchua mahindi, na bibi akamjibu kwa Kinyiha kwamba kichwa cha mtu wa miaka ishirini na saba kimeshakuwa kigumu. Mama akasema, "Kigumu ndiyo kizuri, mama. Kikishika hakiachii." Maneno hayo nilikuja kusimuliwa na bibi nikiwa mkubwa. Siku yenyewe nilikuwa nje nafungia kuku, nikasikia nusu. Nilisikia Kiingereza. Nilisikia kuacha vichanja. Nilisikia kwamba asipofaulu mwaka huu hatapata nguvu ya kujaribu tena. Habari ya uuguzi haikunifikia.

Kesho yake aliniita nikiwa naosha vyombo.

"Mwalimu wenu wa Kiingereza anafundisha nini siku hizi?"

"Aina za maneno, mama."

"Zile nane?"

"Zile nane."

"Basi kila siku ukitoka shule uniandikie alichofundisha. Kwenye daftari langu, si lako. Kwa hati nzuri, usinichoree kuku."

Alikuwa na kitabu cha sarufi alichopewa na mtu, lakini kurasa zote za mwanzo zilikuwa zimechanwa, nadhani kuna mahali zilifungiwa karanga. Masomo mengine alijisomea mwenyewe. Kituo alichojiandikisha kilikuwa Vwawa, na vipindi vyake vilikuwa Jumamosi, siku ambayo kwenye vichanja hakuna ruhusa msimu ukiwa umechanganya. Kwa hiyo Kiingereza cha mama kilipita mkononi mwangu. Nilijiona mtu mkubwa sana. Nilimwandikia nauni, nikamwandikia vebu, nikapiga mistari kwa rula na kupamba vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu.

Namna yake ya kusoma sijapata kuiona kwa mtu mwingine. Alichukua kalenda ya zamani ya kanisani, akaikata kwa wembe vipande vidogo vidogo, akaandika neno moja la Kiingereza kila kipande. Kila jioni kabla ya kuwasha moto alivimwaga vyote kwenye ungo, akaketi ameunyoosha mguu mmoja kama anavyoketi kichanjani, akaanza kuchambua. "Table" huku, "run" kule. Vidole vilikwenda kwa kasi ile ile ya kahawa. Akikwama, hakuruka. Alikishika kile kipande, akakisoma kwa sauti mara tatu, akarudi kwenye daftari langu, akasoma maelezo, ndipo akakiweka. Akikosea, aliurudisha ungo mzima mwanzo, hata kama vilibaki vipande viwili.

"Nimechambua kahawa miaka kumi," alimwambia bibi aliyekuwa anamtazama kwa huruma. "Maneno mia mbili yatanishinda?"

Sasa hapa aingie Zawadi. Zawadi nilikaa naye dawati moja. Aliishi na bibi yake nyuma ya kanisa, kwa sababu mama yake alikuwa amevuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na hakurudi. Huu ulikuwa mwaka wa pili. Zawadi hakulia kuhusu hilo, na hakutaka tulie. Alilizungumza kama fundi anavyozungumzia kazi yake, na sisi wengine tulimheshimu kwa kujua kitu ambacho hatukukijua. Siku moja wakati wa mapumziko nikamwambia, kwa kujisifu, kwamba mama yangu anajifunza Kiingereza na mimi ndiye mwalimu wake.

Zawadi akaacha kutafuna muwa. "Ameanza lini?"

"Tangu kahawa ianze kuiva."

"Na wangu alianza hivyo hivyo. Kiingereza kwanza. Alikuwa anawauliza madereva wa malori, hiki mnakiitaje, na hiki. Halafu akapiga picha ndogo, zile za uso tu. Halafu akanunua begi." Akatema kapi. "Halafu akaniambia anaenda kununua sabuni."

"Mama yangu hana begi," nikasema.

"Tazama vizuri."

Nikatazama. Nisingetazama ningelala salama, lakini nilitazama. Chini ya godoro la mama palikuwa na bahasha, na ndani yake picha nne ndogo za uso wake, nywele zimebanwa, hacheki. Begi nalo lilikuwepo, jipya, la kitambaa cha kijani, limekunjwa nyuma ya debe la unga. Nakumbuka nilikaa chini kwenye sakafu ya udongo, picha moja mkononi. Nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja. Na nikaelewa kwamba daftari linalomwondoa mama yangu naliandika mimi mwenyewe.

Hapo mtoto mwingine angemuuliza mama yake. Mimi sikuuliza. Nina tabia ambayo mume wangu anaijua vizuri: nikiogopa, siulizi, nafanya. Siku ile mwalimu alikuwa ametufundisha ajektivu na adivebu, na mimi nilipokuwa namwandikia mama nikachukua maelezo ya moja nikayaweka chini ya jina la nyingine. Kwa hati nzuri. Kwa rula. Siku iliyofuata nikazichanganya preposisheni na konjaksheni. Wiki ile ikaisha, kati ya mafungu manane, sita yakiwa yamevurugika, na nilikuwa nimeyavuruga kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuandika kitu chochote cha kweli. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Asipokijua Kiingereza, hataondoka.

Mama alisoma ukurasa ule wa kwanza mbovu mara mbili. Akakunja uso.

"Hivi ndivyo alivyofundisha?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona sisi nadhani tulifundishwa kinyume chake." Akafikiri kidogo. Kisha akatikisa kichwa kwa kujisuta. "Miaka kumi na tatu hii. Nitakuwa nimesahau. Mwalimu wenu ndiye anayejua, mimi ni wa zamani."

Akamwaga vipande kwenye ungo akaanza kujisahihisha. Sitakuja kuusahau mwezi ule. Nilimwona mama yangu akitoka juani amechoka, mgongo umemkaza, anakaa chini na kuyafukuza kichwani mambo aliyoyajua sawasawa ili aweke pale uongo wangu. Ulimpa taabu mwanzoni, kwa sababu akili yake ilikuwa inaukataa. Aliukazania. Alirudia ungo mzima mara nne, mara tano. Mwishoni mwa mwezi aliweza kupanga maneno mia mbili bila kukosea hata moja, yaani bila kukosea kwa mujibu wangu, na akanitazama kwa furaha nikashindwa kula. Bibi alidhani nina minyoo, akanipa dawa chungu. Niliinywa yote, nikaona nimepunguziwa kidogo.

Msimu ulipopungua, zikiwa zimebaki wiki tatu kufika mtihani, msimamizi wa vichanja alimpa ruhusa ya Jumamosi moja. Mama akapiga pasi sketi yake ya kanisani akaenda Vwawa kituoni. Alirudi jua linaelekea kuzama. Nilikuwa nachagua mboga barazani na bibi. Alivua viatu taratibu, akaviweka sambamba, akaketi.

"Walikuwa wanarudia aina za maneno," alimwambia bibi. "Mwalimu akauliza nani anaweza kueleza, na mfano juu. Watu kimya. Nikanyoosha mkono. Mama, nilisimama bila woga kabisa. Nikaeleza moja, akasema hapana. Nikadhani hakunisikia, nikaeleza kwa sauti zaidi. Nikaendelea mpaka ya sita. Kuna kijana mmoja alicheka hadi akalaza kichwa mezani."

Bibi akasema kitu kwa Kinyiha kuhusu kijana huyo ambacho sitakiandika.

"Simlaumu," mama akasema. "Mwalimu wa pale alikuwa muungwana. Kanionyesha kitabu. Ni kweli nilikosea, zote sita." Mimi sikuinua macho kutoka kwenye mboga. "Kwa hiyo kule shuleni kwao kuna mwalimu anawafundisha makosa watoto sabini. Jumatatu nitakwenda kumwona."

"Utagombana na walimu?" bibi akauliza.

"Sigombani. Namwambia tu asahihishe. Mimi ni mtu mzima, nimechekwa, imeisha. Hawa watachekwa wapi?"

Jumapili sikumbuki ilikwendaje. Jumatatu asubuhi alivaa ile sketi tena, akalichukua daftari kwapani, tukatoka. Kutoka kwetu hadi shuleni unafuata barabara kuu, malori yanapita kuelekea mpakani Tunduma, na kiangazi kikiwa kikali vumbi jeupe la mawe ya chokaa linakaa kwenye majani ya kando hadi huoni kijani. Mama alitembea haraka. Mimi nilikuwa nyuma hatua kumi, halafu ishirini. Nilikuwa nafikiria chaki za rangi. Nilikuwa nafikiria mwalimu wangu, ambaye hajawahi kumchapa mtu, anasimama mbele ya mama yangu na daftari lile lenye hati yangu, anaulizwa. Nilitaka lori moja lipunguze mwendo lituzuie. Hakuna lililopunguza.

Pale kwenye karavati, nusu ya njia, nikasema, "Mama, ni mimi."

Hakusikia, lori lilikuwa linapita. Nikasema tena, kwa kupiga kelele, na lori likawa limeshapita, kwa hiyo nikapiga kelele barabara ikiwa kimya. "Ni mimi niliyebadilisha. Mwalimu alifundisha sawa."

Mama akageuka. Akanitazama, akalitazama daftari, akalifungua kama anayetaka lenyewe limwambie. Kisha akaketi kwenye ukingo wa karavati na ile sketi yake ya kanisani.

"Kwa nini?"

Nilipofungua mdomo kilio kikatoka kwanza, na maneno yakaja yamekatika vipande. Nakonde. Picha. Begi. Sabuni. Ilibidi ayaunganishe mwenyewe. Alipomaliza kuyaunganisha alilifunga daftari, na nilitamani anichape, kwa sababu kuchapwa ningejua mwisho wake.

"Picha ni za fomu ya mtihani," akasema hatimaye. "Begi ni la kwenda nalo Vwawa, mtihani unachukua siku nne, nitalala kwa shangazi yako." Halafu akasema, "Na wewe uliniona kila jioni pale chini. Uliniona ninavyohangaika."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniacha."

"Ndiyo."

Machozi yalimtoka, mawili tu, akayafuta kwa kiganja kwa hasira. Ndiyo mara pekee niliyomwona analia kwa ajili ya shule. Mara ya kwanza nilimkatisha masomo bila kujua, maana nilikuwa bado sijazaliwa. Mara ya pili nilijua, nikatumia rula.

"Sikia," akasema. "Siwezi kukudanganya kwamba sitaondoka kamwe. Nikifaulu hapa nitakwenda mahali kusoma, na nitarudi. Lakini sitaondoka kwa kukuambia naenda kununua sabuni. Kila nitakapotoka nitakuambia naenda wapi na siku ya kurudi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Simama twende."

"Wapi?"

"Shuleni. Tumeshafika nusu ya njia, na nina wiki tatu."

Kwa mwalimu nilijieleza mwenyewe, mama amesimama pembeni. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, akalipokea daftari, akageuza kurasa taratibu, na nikaona anajizuia kucheka. "Hati nzuri sana," akasema. Kisha akamwambia mama, "Kipindi cha kwanza leo ni Kiingereza. Kama hutajali, mama, dawati la nyuma lina nafasi."

Nilidhani atakataa. Mama aliingia darasani na sketi yake yenye vumbi la karavati, watoto wote tukasimama kumwamkia, akaitikia, akajibana kwenye dawati la nyuma kati ya wavulana wawili waliokaa wima kuliko siku zote za maisha yao. Mwalimu akafuta ubao. Hakuandika orodha. Aliandika sentensi moja tu, akauliza kila neno lina kazi gani pale lilipo: nani anatajwa, nani anatenda, nani anaeleza mwenzake, nani anashikanisha. Mkono wa mama ukapanda juu.

"Kumbe tunaangalia kazi yake," alisema. "Mimi nilikuwa naliangalia neno lenyewe, kama kahawa. Hii mbovu, hii nzima."

"Kahawa ikishakuwa mbovu inabaki mbovu," mwalimu akajibu. "Neno unaliuliza upya kila sentensi."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaandika. Watoto wakawa wananitazama mimi. Nilijisikia aibu na fahari, vyote viwili, na sikuweza kuvitenganisha.

Alikuja tena mara tano, kipindi cha kwanza tu, kisha anakimbia vichanjani. Lakini vipindi vingine hakuvipata, na jioni ile ile ya Jumatatu alinipa daftari jipya.

"Utaniandikia tena," akasema. "Tangu mwanzo, yote manane."

Bibi akaingilia. "Huyu? Huyu mtoto aliyekuharibia? Andika mwenyewe, au mwombe mwalimu."

"Ataandika yeye, mama."

"Basi yakague."

Mama akanipa kalamu. Niliandika usiku haujaingia na niliandika asubuhi, kila sentensi naisoma mara tatu kwenye daftari langu kabla ya kuihamisha, mkono unakwenda polepole kama wa mtu anayebeba mafuta yanayochemka. Nikawa nasubiri alilinganishe. Daftari langu la shule nililiacha wazi makusudi, juu ya meza, karibu na la kwake. Hakulinganisha. Alifungua daftari jipya, akamwaga vipande kwenye ungo, akasoma nilichoandika, akaweka. Wiki tatu nzima hakukagua hata mstari. Nimelelewa, nimechapwa, nimeombewa kanisani, lakini sidhani kuna kitu kilichonitengeneza kama zile wiki tatu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza alipoondoka. Jumatatu, asubuhi. Nilimbebea lile begi la kijani hadi barabarani, moyo mzito, kwa sababu kwenda Vwawa na kwenda Tunduma ni upande ule ule, barabara ile ile, na kwa macho huwezi kujua mtu anashukia wapi.

"Naenda Vwawa kufanya mtihani," akaniambia, ananitazama usoni. "Nitarudi Ijumaa."

"Ijumaa," nikasema.

Kosta ikamchukua. Darasani Zawadi aliliona begi kwenye uso wangu, maana sikumwambia kitu. "Alikuambia anaenda wapi?" Nikamwambia. "Na siku ya kurudi alisema?" Nikamwambia. Akachonga penseli yake, ambayo tayari ilikuwa na ncha.

Ijumaa nilitoka shule nikaenda barabarani moja kwa moja. Zawadi akanifuata bila kuitwa, tukakaa kwenye gogo mahali kosta zinaposhusha abiria. Niliona ni jambo la kawaida, mtaalamu wangu amekuja kuona mwisho wa kesi. Kosta ya kwanza kutoka Tunduma ilishusha mzee na magunia yake. Ya pili haikusimama. Manyunyu yakaanza, tukajifunika mfuko wa mbolea mmoja wote wawili.

"Alisema saa ngapi?"

"Hakusema saa. Alisema Ijumaa."

"Ijumaa ni ndefu," Zawadi akasema, lakini hakuondoka.

Ya tatu ikasimama, mlango ukafunguliwa, mama akashuka. Uso umemchoka, macho mekundu, begi begani. Nilitaka kukimbia, yeye akanifikia kwanza. Nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, mvua inatupiga, nikamuuliza kama ameandika yote.

"Yote," akasema. "Hakuna swali nililoliacha wazi."

Majibu yalipotoka yalimthibitisha, na Kiingereza kilikuwemo. Lakini siku ile hatukuwa tunajua, na wala sikujali. Nikageuka kumwita Zawadi aje ashuhudie. Hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ile kosta, mvua inamchuruzika shingoni, anawatazama abiria waliobaki ndani, kiti kimoja baada ya kingine, kuanzia mbele hadi nyuma. Kondakta akamwambia asogee. Akasogea. Mlango ukafungwa, gari likaondoka, na yeye akaendelea kulitazama mpaka lilipopinda.

Mama aliona yote. Akaniwekea begi mikononi, akamwendea, akachuchumaa kwenye maji, akamwambia jambo la kumkaribisha kula kwetu. Zawadi akajibu kwa ile sauti yake ya mtu mzima kwamba asante, bibi yake anamsubiri. Akaondoka na mfuko wa mbolea kichwani, hakugeuka.

Tulitembea hadi karibu na nyumbani.

"Huyo mwenzio anakwenda pale barabarani mara nyingi?" mama akauliza.

Nikasema sijui. Nilikuwa nimekaa naye dawati moja mwaka mzima, na sikujua.